Badili Sura ya Ramani Kabla ya Kulipia Kiwanja

Wewe uliyeko Gerezani hapa Dar es Salaam unapanga spea kwenye rafu, wewe uliye kwenye foleni ya mwendokasi, nawe mama unayegeuza vitumbua huku redio ikiwa pembeni ya jiko, karibuni nyote. Leo tuna mazungumzo juu ya ramani. Siizungumzii ile ya darasani iliyobandikwa ukutani ikachakaa. Naizungumzia ramani iliyomo kwenye simu yako, hiyo unayoifungua ukitumiwa lokesheni.

Naanza na swali. Je, umewahi kubadili sura ya ramani hiyo? Ukifungua Google Maps, kwenye kona ya juu ya kioo utaona kialama cha karatasi mbili zilizopandana. Kibonyeze. Utapewa sura tatu. Ya kwanza ni ya kawaida, yenye barabara na majina. Ya pili ni ya setilaiti, picha iliyopigwa kutoka juu. Ya tatu ni ya miinuko, inayoonyesha milima na mabonde kwa vivuli. Ramani hiyo ilipoanza Februari 2005 ilikuwa na barabara tu. Picha za setilaiti ziliongezwa Aprili mwaka huohuo, na sura ya miinuko ikaja mwaka 2007. Watu wengi ninaokutana nao wana simu nzuri, wana bando, na tangu wanunue simu hawajawahi kukibonyeza kialama hicho. Wengine wamekibonyeza kwa bahati mbaya, wakaona mapaa, wakashtuka, wakafunga.

Jambo ninalotaka ulishike leo ni hili, na nitalirudia: kila sura ya ramani inajibu swali lake, na inanyamaza kwa maswali mengine. Ukiiuliza sura moja swali la nyingine, utauchukua ukimya wake kuwa jibu, na jibu hilo litakuponza.

Haya, twende pamoja. Tuseme tumesimama kituo cha mwendokasi cha Gerezani. Fungua sura ya kawaida. Unaona nini? Mitaa iliyonyooka inayokatana vizuri: Msimbazi, Lindi, Swahili, Sikukuu, Congo, Uhuru. Kusini unaiona Barabara ya Nyerere na reli inayopita Kamata. Kila kitu kimetulia. Kama swali lako ni "nipite wapi?", hapa ndipo penye jibu. Mgeni aliyeshuka leo kutoka Newala, akiwa na jina la mtaa tu, atafika.

Sasa bonyeza setilaiti. Majina yanafifia, yanakuja mapaa. Mabati yenye kutu, mabati mapya yanayong'aa, paa la bluu, zege, matenki ya maji, magari yaliyobanana. Nilimtazama kijana mmoja wa duka la spea pale Gerezani akimwelekeza dereva wa kirikuu kwenda stoo ya mteja huko Tabata. Jina la mtaa halikuwa na msaada, maana uchochoro ule hauna jina kwenye ramani. Kijana akaikuza ramani kwanza, akaitafuta reli, akaiwekea kidole. Ndipo akabonyeza setilaiti, kidole kikiwa palepale. Akaifuata reli polepole mpaka kwenye makutano, akakata kushoto, akasema, "Kaka, usihangaike na majina. Tafuta paa la bluu lenye nukta nyeusi mbili, hayo matenki yake. Geti linatazama upande huu." Kisha akairudisha sura ya kawaida ili dereva afuate barabara. Kazi yote haikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha kahawa.

Niruhusu nikae hapo kidogo, kwa sababu kijana yule alifanya jambo ambalo wengi tunalikosea. Watu hupotea kwenye ramani wakati uleule wa kubadili sura. Wanabadili, papo hapo wanakuza, papo hapo wanasogeza, na wakiinua macho hawajui tena wako wapi. Yeye alishika alama isiyopotea. Reli huonekana kwenye sura ya barabara, huonekana kwenye setilaiti, huonekana hata kwenye sura ya miinuko. Mto mkubwa nao hufaa, daraja pia, uwanja wa mpira pia. Kwa hiyo shika alama moja, badili sura, kisha ndiyo usogee. Narudia: alama kwanza, sura pili, kusogea mwisho.

Lakini, ndugu msikilizaji, je, picha ya setilaiti ni ukweli mtupu? Wengi wanaamini hivyo. "Si picha hii jamani, inadanganya vipi?" Ngoja nikueleze mambo mawili.

La kwanza, picha hiyo haiko mubashara. Ilipigwa siku fulani, pengine mwaka jana, pengine miaka kadhaa iliyopita. Soko kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Anayeangalia picha iliyopigwa kabla ya siku hiyo anaona soko la mzee wetu Beda Amuli, msanifu majengo, likiwa zima kabisa, na mapaa yake ya zege yenye umbo la faneli. Picha iliyopigwa baada yake inasema mengine. Simu yako haikuchagulii siku unayoitaka.

La pili linaihusu Kariakoo hasa. Setilaiti mara nyingi hupiga picha kwa kuinamia upande, haipigi wima juu ya utosi. Nyumba ya chini haina shida. Lakini ghorofa la Kariakoo, refu na jembamba, kwenye picha huonekana limelala: paa lake limeangukia mtaani au juu ya jengo la jirani, wakati msingi wake uko kwingine. Ukiweka pini juu ya paa, umeiweka kwenye kiwanja cha mwenzio. Wanaochora ramani kwa kufuata picha hizi hufundishwa mapema: chora umbo la paa, kisha lisogeze mpaka likae kwenye miguu ya jengo. Mtumiaji wa kawaida hajafundishwa hilo.

Na kuna kitu kingine pale sokoni. Mfanyabiashara yeyote wa zamani wa Kariakoo anaijua Shimoni, lile soko la chini ya ardhi. Kwenye sura ya barabara hulioni. Setilaiti inaona paa, haishuki chini. Sura ya miinuko ndiyo haijui kabisa. Watu wamepanda na kushuka ngazi zile miaka na miaka, na kwenye kioo cha simu hapana kitu.

Sasa tubonyeze sura ya tatu, ya miinuko. Hapa Gerezani utaona nini? Karibu hutaona mwinuko wowote. Kijivu, tambarare. Utadhani simu imekwama.

Sura hii ni hodari kwelikweli, ila nguvu zake ziko kwingine. Lori linalopakia bidhaa Kariakoo kwenda Mbeya au Tunduma litapanda mlima wa Kitonga. Kwenye sura ya barabara, Kitonga ni mstari uliojikunja, basi. Washa sura ya miinuko uone mstari huo unavyoukwea ukuta wa Iringa, ndipo utaelewa kwa nini dereva mzoefu anapima breki kabla ya kuteremka. Anayekwenda Mwanza ana Sekenke yake. Anayepeleka mzigo Lushoto ana mlima kuanzia Mombo. Kwa safari hizo, bwana, ramani isiyo na miinuko ni nusu ramani.

Miinuko inachorwaje? Njia ya zamani ni mistari ya kontua, mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Mwaka 1774 wataalamu walipima mlima wa Schiehallion kule Scotland, na mwanahisabati Charles Hutton, alipozidiwa na wingi wa vipimo, akaunganisha pointi zenye kimo sawa kwa mistari. Ramani za serikali yetu za kipimo cha 1:50,000, zile za mfululizo wa Y742 zinazotolewa na wapima ramani wa Wizara ya Ardhi, zinatumia mistari hiyohiyo. Mistari ikibanana, mlima ni mkali. Ikiachana, ardhi ni tambarare.

Njia ya pili ni vivuli. Mchoraji hujifanya jua liko kona ya juu kushoto ya karatasi, anatia kivuli upande wa pili wa kila kilima, na jicho lako linaona mlima umesimama. Hapa pana mtego unaotuhusu sisi wa kusini mwa Ikweta. Macho yetu yamezoea mwanga unaotoka juu. Lakini jua la Dar es Salaam linahama. Mwezi Juni liko upande wa kaskazini, yaani juu ya ramani. Mwezi Desemba limehamia kusini, yaani chini ya ramani, na vivuli vinaelekea juu. Matokeo yake, picha ya setilaiti ya milima ya Uluguru iliyopigwa Desemba inaweza kukupindua akili: korongo ukaliona kigongo, na kigongo ukakiona korongo. Likikutokea hilo, igeuze simu kichwa chini miguu juu. Mara nyingi bonde litarudi kuwa bonde.

Haya, nimezunguka Iringa na Morogoro. Nirudi nyumbani, kwa sababu nyumbani ndiko kwenye hatari.

Nilisema sura ya miinuko haioni kitu Gerezani. Kwa nini? Vipimo vingi vya miinuko kwenye ramani za dunia vimetokana na safari ya chombo cha Endeavour cha Marekani, Februari 2000. Kwa siku 11 kilizunguka dunia kikipima ardhi kwa rada. Ni kazi kubwa, nami naiheshimu. Lakini kila kipimo kinawakilisha mraba wa takriban mita 30 kwa 30. Pima mwenyewe mita 30 Kariakoo: umeshameza maduka kadhaa na kipande cha mtaa. Na rada ile, ikikutana na jengo, hupima paa, haipimi udongo. Makosa ya mita kadhaa ni ya kawaida. Kilimanjaro una mita 5,895. Mita tatu zikipotea pale, nani atajua? Lakini hapa mjini mita tatu ni nyumba kuwa kavu au nyumba kujaa maji mpaka dirishani. Ramani za kontua nazo, kama kila mstari ni mita 20, mtaa mzima unakaa kati ya mstari na mstari, na karatasi haikwambii lolote.

Lakini muulize msukuma mkokoteni. Aliyepakia magunia ya mchele anaujua mteremko wa mji huu kwa magoti. Anakujua mahali pa kuongeza mtu wa kusukuma nyuma, na mahali ambapo lazima wenzake wauvute mkokoteni usimkimbie. Ukiwa kituo cha Fire unaelekea Magomeni kwa Barabara ya Morogoro, unateremka, unafika Jangwani, kisha unapanda kwenda Mapipa. Abiria wa mwendokasi hausikii mteremko huo. Maji yanaujua. Upande mmoja wa Kariakoo kuna bonde la Msimbazi, upande wa pili kuna mkono wa bahari unaoingia Gerezani. Sisi tuko juu ya mgongo wa mchanga katikati, na mgongo wenyewe si mrefu.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unapita katikati ya mji, unamwaga maji baharini pale Daraja la Selander. Mvua ikinyesha Pugu, maji yanakuja Jangwani hata kama Kariakoo jua linawaka. Desemba 2011 mvua kubwa ilileta mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam, na serikali ikawahamishia Mabwepande familia zilizokuwa zikiishi mabondeni. Na mara ngapi tangu hapo tumesikia Barabara ya Morogoro imefungwa Jangwani na mabasi ya mwendokasi yamesitishwa?

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo ninapotaka tufike wote. Unakaa Gerezani, biashara imekuwa nzuri, umeweka akiba, unataka kiwanja. Dalali anakutumia lokesheni kwa WhatsApp. Unafungua, sura ya kawaida. Unaona nini? Uwazi mweupe, hakuna nyumba, barabara iko karibu. Pazuri! Unafungua setilaiti. Picha imepigwa kiangazi. Mchanga msafi, miti miwili mitatu, hakuna kichaka. Pazuri zaidi! Unatuma kishika uchumba kwa simu. Masika yanaingia, unakwenda kuona, mchanga ule msafi ndio njia ya maji.

Je, ramani imekudanganya? Hapana. Uliiuliza barabara ikakujibu. Ukaiuliza kama kuna mtu amejenga ikakujibu. Hukuiuliza maji yanapita wapi. Na hata kama ungeiuliza kwa kufungua sura ya miinuko, kwa ardhi ya Dar es Salaam ilivyo tambarare, ingekuonyesha kijivu kilekile.

Basi nani anajua maji yanapita wapi? Kuna kazi iliyofanyika katika mji huu ambayo naiona ni fahari yetu, nayo inaitwa Ramani Huria. Ilianza mwaka 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wananchi wa mitaa yenyewe, waliingia kwenye kata zinazofurika wakazichora kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuihariri. Benki ya Dunia ilisaidia, Msalaba Mwekundu wa Tanzania ulisaidia, Tume ya Sayansi na Teknolojia ilikuwamo. Walirusha droni zilizopiga picha za karibu kuliko za setilaiti. Walitembea na simu, wakachora nyumba, vichochoro, visima na mitaro ya maji. Mtaro ulipimwa upana na kina.

Lakini droni ilipomaliza kuruka, bado kulikuwa na swali ambalo picha haikuweza kulijibu: maji yalifika wapi? Ikabidi wagonge milango. Wakawauliza wakazi wa siku nyingi. Mzee akasimama kizingitini, akaweka kiganja kwenye goti, au kiunoni, au kifuani, akasema, "Mwaka ule yalifika hapa." Kiganja kile kikaingia kwenye ramani. Vivyo hivyo wajumbe wa mashina, wale wa nyumba kumi, walitembea na vijana kuonyesha mipaka ya mashina yao, mipaka ambayo ilikuwa haijawahi kuchorwa, ilikuwa kichwani mwao tu.

Mimi naihesabu kumbukumbu hiyo ya wenyeji kuwa sura ya nne ya ramani, nayo haina kitufe. Hakuna mahali kwenye simu utakapobonyeza ikuletee kumbukumbu ya Mama fulani aliyepandisha godoro juu ya kabati. Lazima uende. Na kwa mji tambarare kama huu, sura hiyo ya nne ndiyo yenye uzito kuliko zote tatu. Hivyo ndivyo ninavyoamini. Fundi anayechora mtaro bila kuuliza wenyeji anachora kwa bahati nasibu, hata kompyuta yake iwe ya bei gani.

Tunakaribia mwisho wa kipindi, kwa hiyo nirudie kwa ufupi kwa ajili ya aliyechelewa kufungua redio. Unataka njia? Sura ya kawaida. Unatafuta jengo? Setilaiti, ukikumbuka kwamba picha ni ya siku nyingine na ghorofa limelala upande. Unasafiri kwenye milima? Miinuko. Unataka kujua maji? Miguu yako, na mdomo wa kuuliza.

Na sasa nina maombi mawili. La kwanza ni kwako unayetaka kiwanja. Dalali akikutumia lokesheni, zifungue sura zote tatu kabla ya kutuma hata shilingi. Tazama kama kuna mstari wa kijani unaojipinda kwenye setilaiti, maana miti hufuata maji. Kisha panda daladala, nenda, gonga mlango wa nyumba tatu za jirani, uliza masika yaliyopita maji yalisimama wapi. Mjumbe wa eneo naye muulize. Usiende na dalali siku hiyo.

La pili ni kwenu wazee wetu wa Jangwani, Kigogo, Mchikichini na Gerezani yenyewe. Kijana akija mlangoni akiwa na simu mkononi akikuuliza maji yalifika wapi, usimfukuze ukidhani ni mtu wa bomoabomoa. Muulize kwanza ametumwa na nani, akuonyeshe kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Ukiridhika, simama naye ukutani, umwonyeshe alama.